Chakula cha Karani

Kuku akichemshwa bila chumvi, bila kitunguu, bila tangawizi, hutoa harufu ambayo watu wengi hawaijui, kwa sababu hakuna anayepika kuku hivyo kwa hiari yake. Mimi naijua. Tangu mama yangu atoke hospitali upande mmoja wa mwili ukiwa umelegea, harufu hiyo iko kila siku jikoni kwetu hapa mtaa wa Tuwan, Kitale. Nachemsha kidari mpaka kichambuke, nakisaga, nakipitisha kwenye chujio la chai, kisha nakirudishia supu yake kiwe uji mwepesi. Nesi wa hospitali alinielekeza kwa subira: mgonjwa aketi wima, kijiko kidogo kidogo, usubiri ameze, halafu uandike amekula kiasi gani na saa ngapi. Niliitikia kila neno. Sikumwambia kwamba maelezo hayohayo nilipewa nikiwa na miaka tisa, na kwamba mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa paka.

Mama alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo. Kliniki ilikuwa nyuma ya duka la dawa za mifugo, karibu na msikiti, mahali ambapo adhana ilikufikia hata ukiwa umeziba masikio. Mbele, dada mmoja aitwaye Chebet aliuza dawa za kupe na chumvi ya ng'ombe. Nyuma kulikuwa na chumba chenye meza ya bati, mizani, jiko la mafuta ya taa na vizimba vinne vya waya. Kazi yenyewe ya mji ule ilikuwa ng'ombe. Mbwa na paka walikuja mmoja mmoja, na daktari, mtu mwema mwenye mikono mikubwa, hakuwa na hamu nao sana. Akishawadunga sindano anamgeukia Mama, anamwambia, "Sista, huyu sasa ni wako," kisha anavaa gambuti zake anaenda mashambani.

Majirani walimtania Mama wakamwita sista wa paka. Wengine walicheka mbele yake kabisa, ati mwanamke mzima anampikia mbwa wali. Yeye hakujali. Aliamini chakula kuliko alivyoamini sindano. Alikuwa na daftari la jalada la bluu ambalo ndani yake aliandika kila alichojifunza chuoni na kila alichojionea mwenyewe. Mbwa anayehara: wali laini na kuku, mara sita kwa siku, kidogo kidogo. Mbwa wa figo: punguza nyama, maji yasikauke. Mbwa aliyeokotwa akiwa mifupa mitupu: usimshibishe siku ya kwanza, utamuua. Kitunguu: sumu kwa wote, mbwa na paka, na hapo alipiga mistari miwili. Nilikuwa nikilisoma daftari hilo kama vile wenzangu walivyosoma hadithi.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia likizo ya shule. Nilikuwa nimeamua kufunga kutwa, mwezi mzima, kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyenilazimisha. Mama aliniambia nifunge mpaka adhuhuri tu, inatosha kwa umri wangu, nami nikakataa kwa sababu ya Zuhura, binti wa fundi cherehani, tuliyekuwa naye madrasa moja. Zuhura alikuwa anafunga kutwa. Ninyi mliokua mitaa ya msikiti mnakumbuka mtihani wetu ulivyokuwa: toa ulimi tuone. Ulimi mkavu wenye utando mweupe ndio wa mfungaji. Ulimi mwekundu unaong'aa ni wa mlaji, na mlaji alizomewa mpaka nyumbani kwao. Kila alasiri kabla ya ustadhi kuingia tulisimama foleni tukitoleana ndimi. Ulimi wangu ulipita siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaanza kutembea nimeinua kidevu.

Katika siku hizo ndipo alipokuja Mwalimu Nasimiyu kutoka Bungoma, amepakata kikapu kilichofunikwa kwa kitenge. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, mwanamke mrefu wa kanisani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ndani ya kikapu mlikuwa na paka dume, mweupe mwenye mabaka meusi, aitwaye Karani. Marehemu mume wake ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu kila alipokuwa akiandika, paka alikuja kukalia karatasi. Sasa Karani alikuwa amekonda, macho yametoa tongo, pua imeziba, na hakuwa amekula vizuri kwa siku mbili.

"Nimeambiwa kuna mama huku Kitale anajua kulisha paka yenye imekataa chakula," Mwalimu alimwambia Mama. "Kule kwetu wananiambia ati nitafute ingine. Mimi sitaki ingine, mama. Hii ndiyo ilikuwa inalala kwa miguu ya mzee."

Daktari alimpima akasema ni mafua ya paka, na mdomoni ana vidonda. Ugonjwa wenyewe haukuwa wa kuua. Mama alimweleza Mwalimu polepole, nami nikisikiliza nyuma ya kizimba. Paka haamini kitu asichokinusa. Pua ikiziba, chakula kwake ni kama jiwe, anaona hakina maana. Na paka si mbwa. Mbwa atakaa na njaa akisubiri dawa ifanye kazi, lakini paka akikaa siku kadhaa bila kula, mafuta ya mwili wake yanakimbilia kwenye ini, ini linazidiwa, na hapo anakuwa na ugonjwa wa pili ulio mbaya kuliko ule wa kwanza. Kwa hivyo kazi ni kumlisha kwa mkono mpaka pua ifunguke. Siku saba, labda nane. Mwalimu aliondoka akiwa amechangamka kidogo. Alituachia kitenge chake, paka apate harufu ya nyumbani.

Chakula chake kilikuwa kidari cha kuku na kiini cha yai, vimesagwa na kuchujwa, akinyweshwa kwa sirinji isiyo na sindano. Alilishwa kila baada ya saa mbili. Tatizo ni kwamba wiki ileile ng'ombe wa upande wa Kiminini walikuwa wakichanjwa, na daktari alimhitaji Mama kuanzia saa tatu asubuhi mpaka alasiri. Chebet aliogopa paka kufa. Alisema macho yao yanamsoma. Basi Mama akanifundisha mimi. Mzungushie taulo, mikono yake ibaki ndani. Usimwinue kichwa. Ingiza ncha pembeni mwa mdomo, bonyeza kidogo, subiri koo lipande na kushuka. Ukiharakisha kitaingia mapafuni. Nilimlisha mbele yake mara mbili, na Mama akasema nina mkono mtulivu kuliko wa daktari. Sijasahau sifa hiyo. Nilijua kufanya ile kazi, naomba mlikumbuke hilo.

Kwenye kizimba kulining'inia kadi yenye safu tatu: saa, kiasi, maelezo. Saa nne, saa sita na saa nane zilikuwa zangu. Mama alinipa kalamu yake mwenyewe na kunitazama machoni. "Salma, andika kilichoingia mdomoni. Usiandike kilichotoka kwa sufuria. Akitapika, andika. Akikataa, andika. Mimi nikirudi nitaamini kadi."

Siku ya kwanza nikiwa peke yangu nilijitahidi. Karani alinikwaruza mkono kupitia taulo, akageuza uso, akaacha uji umwagike kidevuni. Nilirudia. Aligeuza uso tena, pole pole, bila hasira, akafumba macho. Na mimi, mtoto wa miaka tisa niliyeshinda na saumu, niliutambua ule mgeuko wa uso. Ndivyo nilivyomgeuzia uso Chebet aliponionyesha andazi asubuhi ile. Jioni, Mama aliporudi na kumpaka uji kidoleni muda mfupi kabla ya adhana ya magharibi, Karani alilamba. Alilamba mara tano au sita. Basi nikajua. Paka huyu anakataa mchana na kula jioni. Paka huyu amefunga.

Msinicheke bado. Nyumbani kwetu paka ni mnyama mwenye heshima, anaingia hata mahali pa kuswalia na hafukuzwi. Nilikuwa nimesikia watu wazima wakisema viumbe vyote vina namna yao ya kumtukuza Mola. Kwa akili yangu ilikaa sawa kabisa. Mama na daktari walisoma vitabu vya wanyama, lakini hawakuwa wamefikiria jambo hili, na mimi nilikuwa nimeligundua. Niliona kumfungulia kwa nguvu ni dhambi, na dhambi ingekuwa yangu mimi mwenye sirinji. Kesho yake saa nne sikumlisha. Nilimfuta tu pua kwa maji ya uvuguvugu, nikamwambia avumilie. Kwenye kadi niliandika: ml kumi na tano, amemeza.

Mpaka hapo ningeweza kusimulia hadithi hii kwenye harusi na watu wakacheka. Lakini uji ulibaki kwenye bakuli. Mama alikuwa ameonya kwamba ukikaa zaidi ya saa moja utupwe, na kwamba upashwe moto kila mara, kwa sababu ukiwa moto kama mwili ndipo harufu inapanda. Kwa hivyo kila baada ya saa mbili nilikaa kwenye chumba kidogo chenye harufu ya kuku. Hapo kwanza nilisema hakuna anayepika kuku hivyo kwa hiari yake, na mngedhani hakuna anayeipenda harufu hiyo. Mtoto aliyekula daku saa kumi alfajiri, akiwa na bakuli la kuku moto mapajani saa sita mchana, anaipenda. Siku hiyo nilichovya kidole, nikajiambia najaribu kama umeharibika. Saa nane nilikunywa nusu. Siku iliyofuata nilikunywa wote, mara tatu, nikakomba na bakuli kwa kidole.

Kisha nilikausha ulimi kwa pindo la mtandio wangu na kupumua kwa mdomo njia nzima mpaka madrasa. Ulimi wangu ulipita. Zuhura alifungua mchana siku ya kumi na moja kwa sababu ya homa, wakamzomea, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomzomea.

Kila asubuhi Mama alimweka Karani kwenye mizani. Alikuja akiwa kilo tatu na robo. Mshale ulishuka kidogo, ukashuka tena. Mama alisimama na kadi mkononi akiisoma safu kwa safu kwa kidole. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayetafuta jambo, si ya mtu anayeshuku. "Anameza kweli?"

"Anameza, Mama."

"Vyote?"

"Vyote."

Akaamini kadi. Alimwita daktari, wakainama wote wawili juu ya karatasi yangu. Daktari alikuna ndevu. "Sista, hii paka inakula na bado inaisha. Si unaona? Chakula inaingia lakini haijengi. Labda hiyo kuku yako ni nzito kwa tumbo yake." Mama alisema kwamba amewalisha wengine hivyohivyo wakapona. Daktari akajibu kwamba kila mnyama ana tumbo lake, na kwamba mambo ya chakula si hesabu, bana. Wakabadilisha dawa. Mama akapunguza kidari, akauongezea maji uji, kwa sababu kadi ilisema chakula kingi kinaingia na hakisaidii. Nilisimama pale nikiwasikiliza. Uji mwepesi haukunishibisha, na jambo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa hilo. Naliandika kwa sababu ndilo la kweli.

Sasa niseme kuhusu siku ya sita tangu Karani aletwe, maana hiyo ndiyo ninayoikwepa. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba niliamini paka amefunga, na mtoto hahukumiwi kwa imani yake. Siku ya sita, saa nane, nilikuwa nimekaa chini, mgongo ukutani, bakuli mapajani, mlango wa kizimba wazi. Pua ya Karani ilikuwa imefunguka. Nilisikia akinusa. Aliinuka kwa taabu, akatoka kwenye kitenge cha Mwalimu, akaja mpaka gotini kwangu, akainua shingo kuelekea bakuli. Alitoa sauti ndogo. Ndicho kitu ambacho Mama na daktari na Mwalimu walikuwa wakikingoja wote: paka kuomba chakula mwenyewe.

Nilisogeza bakuli upande wa pili. Nikamwambia, "Bado kidogo, magharibi iko karibu." Lakini siku hiyo sikuwa naamini tena. Nilikuwa na njaa, na chakula kilikuwa kidogo, na yeye alikuwa mmoja na mimi mmoja. Nilimaliza nikiwa nimempa mgongo. Niliandika: ml ishirini, amemeza vyote. Alirudi kwenye kitenge peke yake, na sikumsikia tena.

Kesho yake Mama alipoufunua mdomo wa Karani karibu na dirisha, fizi zilikuwa za manjano. Ndani ya masikio pia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitu ambacho hakuwahi kufanya akiwa kazini. Siku hiyo hakwenda Kiminini. Alimpitishia mpira mwembamba puani, akamlisha yeye mwenyewe kutwa nzima tone kwa tone, akiwa na saumu yake, na mimi nilitumwa nyumbani. Karani alikufa siku ya pili yake, kabla ya adhuhuri.

Mwalimu alipopata habari alitaka paka wake azikwe nyumbani, basi kesho yake tukampeleka Bungoma, Mama na mimi, kwenye katoni tuliyotandika kile kitenge. Tulifika jua likiwa limeelekea chini. Shimo lilikuwa limeshachimbwa pembeni mwa migomba, karibu na kaburi la mzee. Mwalimu alifunua katoni, akamgusa kichwani, akafunika. Hakulia. Mama ndiye aliyelia, naye hakuwa mtu wa kulia mbele za watu.

"Mwalimu, mimi ndiye nilikuwa nampikia," Mama alisema. "Dawa ya daktari haikuwa na shida. Nafikiri chakula changu ndicho hakikumfaa. Nilikosea mahali, na sijui ni wapi."

Mwalimu akamshika mkono. Akasema wacha kujisumbua, umefanya yako yote, hata mimi mtu wangu nilimlisha mwenyewe na bado akaenda. Walisimama hivyo pale kwenye migomba. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Ingetosha kufungua mdomo. Nilikuwa mtoto hodari wa kufungua mdomo, waulizeni madrasa.

Kisha Mwalimu alitukataza kuondoka. Alikuwa mtu wa kanisani, mambo ya kufunga hakuyajua vizuri, lakini alikuwa ameulizia. Siku nzima hakuwa amewasha chai ili isitusumbue harufu. Alikuwa ametafuta tende mjini. Na alikuwa na kuku. Kule kwao mgeni haondoki bila kuku, tena mgeni aliyekuletea maiti nyumbani. Kwa kuwa yeye kuchinja kwake kusingetufaa, alikuwa amemwita jirani Mwislamu mwenye kibanda cha nyama karibu na msikiti aje amchinje. Alitueleza hayo yote kwa makini, akitaka tuamini. "Hii kuku Musa ndiye amechinja, nikiwa nimesimama hapo nikiona. Mkule bila wasiwasi."

Magharibi iliadhiniwa mbali. Tulikula tende, tukanywa maji, Mama akaswali kwenye mkeka ambao Mwalimu alikuwa ameuosha. Kuku alikuja na ugali. Mwalimu aliniangalia kupitia miwani yake ya uzi, akamuuliza Mama kama ni kweli kadogo haka kamefunga mwezi wote. Mama akasema ndiyo, tangu siku ya kwanza, na kwamba hata kumlisha Karani nilimlisha nikiwa na saumu, na sikuruka saa hata moja. Alisema hivyo kwa fahari. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kuona uso wake umefunguka.

Mwalimu akachukua sahani, akatafuta kwa kijiko ndani ya sufuria, akatoa firigisi. Wenyeji wa Bungoma wanajua firigisi haiendi kwa mtu yeyote tu. Ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni anayepewa heshima yake. Mwanamke mwenyewe hakuwa akiila, sembuse mtoto wa kike. Aliiweka mbele yangu.

"Hii ilikuwa ya mzee," alisema. "Tangu aende nimekuwa nikimpatia Karani. Leo ni yako, mama. Wewe ndiye ulimkalia mpaka mwisho."

Niliila. Ningeweza kusema ilinikwama kooni, lakini haikunikwama. Ilikuwa tamu, imetiwa chumvi na vitunguu, na nilikuwa na njaa kweli, kwa kuwa siku hiyo ndiyo pekee katika wiki nzima niliyokuwa nimefunga sawasawa. Niliitafuna nikiangalia sahani. Baadaye nilitapika kando ya choo cha nje, na Mama akasema ni mafuta, tumbo la mfungaji halizoei.

Baada ya Idi, Mama alimwomba daktari amtoe kwenye chumba cha nyuma. Hakufukuzwa, na hakuna aliyemlaumu. Alisema anataka kufuata ng'ombe tu. Watu waliendelea kumleta mbwa huyu na paka yule, wakimuulizia sista wa paka, naye alitoka mlangoni akawaambia hajui mambo hayo vizuri, wajaribu kwingine. Daftari la bluu lilipotea kwenye meza. Nilipouliza alisema ameliweka. Alifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, akastaafu kwa heshima, na sikumwona tena akichuja kuku.

Daftari nimeliona wiki iliyopita, nikitafuta kadi yake ya hospitali kwenye sanduku la bati. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ni wa Karani. Kuna uzani wake wa kila siku, kuna viwango vyangu vyote alivyovinakili kutoka kwenye kadi, ml kumi na tano, ml ishirini, amemeza, amemeza vyote. Chini yake aliandika kwa mwandiko wake ulionyooka: Kuku na yai, nilivyopika mimi, havikumfaa. Nisirudie.

Niliketi na daftari hilo siku tatu. Juzi, saa sita, Mama akiwa ameegemezwa mito na bakuli likiwa mkononi mwangu, nilimwambia. Nilianza na habari ya paka aliyefunga, nikitumaini atatabasamu. Hakutabasamu. Nikamwambia kuhusu bakuli. Nikamwambia kuhusu siku ya sita, shingo ya Karani ilivyoinuka, na nilivyompa mgongo. Nikamwambia kuhusu kadi. Sasa hivi Mama huongea kwa upande mmoja wa mdomo, maneno yanatoka polepole, na watu wengine hawamsikii vizuri. Mimi namsikia.

Aliangalia dirisha. Nilisubiri aniulize kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu utotoni, na nilikuwa na majibu kadhaa.

"Kwa hivyo," alisema, "chakula changu hakikuwa na makosa."

Nikamwambia hakikuwa na makosa, Mama. Kilikuwa chakula kizuri.

Alirudia yale maneno peke yake, bila sauti, midomo tu ikicheza. Kisha nilipoinua kijiko aligeuza uso ukutani, pole pole, bila hasira, akafumba macho. Nilingoja. Nilipasha uji moto, nikajaribu tena, nikangoja tena mpaka ukapoa. Halafu nilichukua kalamu, nikaenda kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, nikaandika: saa sita, hakuna kilichoingia.